Jino liliacha kuuma, jipu likatokea kichwani

Safari hii barua zilizokuja zinazungukia kitu kimoja, kwa hiyo nimeziweka pamoja nizijibu kwa mkupuo. Mimi ni daktari wa meno na hili jambo linanigusa sana, maana wagonjwa wa namna hii nikiwaona mimi mapema inakuwa kazi ya nusu saa kwenye kiti, wakicheleweshwa wanaonwa na madaktari wa ubongo, wa kifua au wa ini.

*

SWALI: Dokta shikamoo. Kaka yangu ana miaka 41, hana kisukari hana presha, hajawahi kulazwa hata siku moja. Alianza kulalamika kichwa, tukajua uchovu, akawa anameza dawa za maumivu anaendelea na kazi. Baada ya kama wiki mbili akawa anatafuta maneno hayapati, vitu vinamponyoka mkono wa kulia, alafu siku moja akakakamaa na kutetemeka mbele ya watoto wake. Kupigwa siti skani ana jipu ndani ya ubongo! Wamemfanyia operesheni wametoa usaha, na majibu ya maabara yanasema wale ni bakteria wa mdomoni, kumuangalia kinywani gego la juu kushoto limeoza mpaka kwenye mzizi. Sasa hilo jino lilimsumbua kweli lakini liliacha kuuma lenyewe kama miezi minne nyuma. Hivi hii inawezekana kweli au wanatafuta cha kusingizia? – Dada mtu

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa mliyoyapitia. Inawezekana, na hicho kitu kinachokufanya usiamini, kwamba jino liliacha kuuma, ndo hasa kinachonifanya mimi niamini. Skia. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu. Jino likitoboka bakteria wakaingia pale ndani, ile nyama inavimba kwenye kichumba ambacho hakitanuki, ndo yale maumivu ya kulia usiku kucha. Baada ya muda ile nyama inakufa, mshipa wa fahamu unakufa nao, na jino lililokufa halilii tena. Mtu anashukuru Mungu amepona. Lakini bakteria hawajafa, wamebaki ndani ya jino mahali ambapo damu haifiki, kwa hiyo kinga ya mwili haifiki na dawa haifiki, wanatoka taratibu kwenye ncha ya mzizi na kula mfupa kidogokidogo bila kelele. Mtu anaweza kukaa hivyo miezi, hata miaka, hajui.

Kutoka hapo kwenda juu kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni jirani kabisa, mizizi ya magego ya juu inakaribiana sana na uwazi wa hewa ulio ndani ya shavu, usaha ukiingia humo unaweza kupanda mpaka kwenye uwazi wa paji la uso, ambao umetenganishwa na ubongo kwa mfupa mwembamba. Ya pili ni mishipa ya damu ya usoni inayorudisha damu, imeungana na mishipa ya ndani ya kichwa, kwa hiyo uchafu unaweza kupanda kuelekea ndani ya fuvu. Ya tatu ni mzunguko wa damu wa mwili mzima. Kawaida damu inayotoka mwilini inapita kwanza kwenye mapafu, na mapafu yanachuja, ila kuna watu wenye kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikujifunga baada ya kuzaliwa. Karibu mtu mzima 1 kati ya 4 anacho na wengi hawatajua maisha yao yote. Wengine wana mishipa isiyo ya kawaida kwenye mapafu yenyewe. Kwa watu kama hao damu kidogo inakata njia ya mkato bila kuchujwa. Kwa hiyo madaktari wakitaka kumpima kaka yako moyo na kifua msishangae wala msiseme wanawapotezea muda, kuna sababu.

Bakteria wanaopatikana sana kwenye majipu haya ni jamii moja ya streptokokasi wanaoishi kwenye fizi na koo za watu wazima wasioumwa chochote, wakikaa nyumbani kwao hawana shida ila wakihama wana tabia ya kutengeneza usaha. Mara nyingi wanakwenda na wenzao fusobakteria, hawa hawapendi hewa kabisa, ndo wenye ile harufu mbaya ya usaha wa jino. Wanasaidiana, mmoja anamaliza oksijeni mwenzake anapata pa kuishi.

Mnajilaumu kwamba mlichelewa? Naomba msijilaumu sana. Watu wanategemea mtu mwenye jipu la ubongo awe na homa kali, kichwa, na udhaifu wa upande mmoja, vyote kwa pamoja, lakini hivyo vitatu vinakutana kwa kama mgonjwa 1 kati ya 5 tu, na homa yenyewe inakuwepo kwa karibu nusu. Kichwa ndo kinaongoza, na kichwa kinauma kwa sababu elfu. Kilichotakiwa kuwashtua ni kile cha kutafuta maneno na mkono kulegea, hicho kikitokea kwa mtu yeyote yule, hata kama hajawahi kuumwa jino, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kinachofuata sasa. Atapigwa sindano za antibayotiki kwa wiki nyingi, mara nyingi 6 mpaka 8, na atarudiwa siti skani au emarai kuangalia kama shimo linafunga. Msikubali aache sindano kwa sababu anaongea vizuri na anatania watu. Na lile gego lazima lishughulikiwe akiwa bado kwenye matibabu, msisubiri aruhusiwe alafu mlisahau, kwa sababu kutoa usaha kichwani na kuacha chanzo mdomoni ni kama kudeki maji sakafuni bomba likiwa wazi. Cha kukutia moyo ni kwamba zamani, miaka ya 1960, karibu watu 4 kati ya 10 wenye jipu la ubongo walikuwa wanakufa, tangu zilipokuja siti skani idadi ikashuka mpaka kama 1 kati ya 10, na wengi wanaopona wanarudi kwenye shughuli zao. Yeye usaha ulishatolewa na bakteria wanajulikana, hiyo ni hatua kubwa sana.

*

SWALI: Nina miaka 52. Nililazwa kwa homa za kutetemeka, jasho la usiku, nimepungua mwili, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi ikaonyesha jipu kwenye ini. Mwanzo walisema amiba nikapewa dawa lakini homa haikushuka, wakaweka bomba wakatoa usaha, wakasema ni bakteria wa kinywani. Nina fizi zinazotoa damu miaka mingi na meno mawili yanacheza. Nimeamua niyang'oe yote niweke ya bandia nipumzike. Unanishauri niyang'oe kwa mara moja au kidogokidogo? Na je, mke wangu anaweza kuambukizwa?

JIBU: Kaka yangu, pole, na nashukuru umeuliza kabla ya kuyang'oa. Mkeo nianze naye: hapana, jipu la ini haliambukizi, na hao bakteria hata yeye anao, hata mimi. Mdomoni wameshatambuliwa bakteria aina kama 700 hivi, kila mtu ana mchanganyiko wake.

Sasa kuhusu kung'oa yote. Hili wazo ni la zamani kuliko unavyofikiri na liliwahi kuleta maafa. Mwaka 1900 daktari mmoja wa Uingereza, William Hunter, aliandika kwamba uchafu wa kinywa ni chanzo cha magonjwa mengi ya mwili, na mwaka 1910 akaenda kuhutubia Montreal, Kanada, akiwalaumu madaktari wa meno kwa kufunika meno mabovu kwa dhahabu. Kuna ukweli ndani yake, lakini watu walivyoipokea sasa! Mtu akiumwa viungo, meno yote nje. Akiumwa tumbo, meno nje. Akichanganyikiwa akili, meno nje. Miaka kama 30 watu walitolewa meno mazima kwa maelfu, mpaka madaktari wenyewe wakaanza kuhesabu. Russell Cecil wa Marekani, ambaye mwanzo alikuwa anaiunga mkono hiyo nadharia, mwaka 1938 yeye na mwenzake wakatoa taarifa ya wagonjwa 200 wa baridi yabisi wakakiri kwamba kung'oa meno hakukuwasaidia kama ilivyodhaniwa. Nakusimulia haya yote kwa sababu naona unataka kurudi kulekule.

Jino bovu lisilotibika litoke. Jino linaloweza kusafishwa mzizi na kuzibwa libaki. Fizi zinazotoa damu zinatibika, unasafishwa ugaga wote mpaka ule uliojificha chini ya fizi, alafu unafundishwa kupiga mswaki vizuri na kusafisha katikati ya meno, na baada ya wiki kadhaa unarudi tuangalie. Ukifikiria, fizi iliyovimba ni kidonda. Jumlisha vidonda vidogovidogo vyote kuzunguka kila jino, unapata kidonda kipana ambacho hukioni, na kila ukitafuna au ukipiga mswaki bakteria wachache wanaingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya mwili unawamaliza baada ya muda mfupi. Fizi zikiwa mbovu wanaingia wengi zaidi, na kama sukari iko juu askari wa mwili wanakuwa wazito. Umepimwa sukari? Barua yako haijasema. Kapime tafadhali.

Na kitu kimoja ambacho sitaki kikupite, usikubali meno yabebe lawama yote. Bakteria haohao wanaweza kufika kwenye ini kutoka kwenye utumbo au njia ya nyongo, na wakati mwingine jipu la ini ndo dalili ya kwanza ya uvimbe kwenye utumbo mpana. Mtu wa miaka 52, muulize daktari wako kama utumbo na nyongo viliangaliwa vizuri, na kama havijaangaliwa mwombe vipimwe. Unaweza kuwa na fizi mbovu na tatizo jingine pia, hayazuiani.

*

SWALI: Dokta nimevimba chini ya kidevu tangu juzi, jino la chini la nyuma, leo kumeza mate kunauma na ulimi naona kama umenyanyuka. Nilikuwa na amoksilini zimebaki za mtoto nimeanza kunywa. Niendelee siku ngapi?

JIBU: Huyu nilimjibu siku ileile alipoandika, nikamwambia aache kuandika aende hospitali kubwa sasa hivi, akalazwa. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Uvimbe wa chini ya taya, ulimi kunyanyuka, mate yanadondoka kwa sababu huwezi kumeza, sauti kama una kitu cha moto mdomoni, mdomo haufunguki: hiyo ni dharura, hata usiku wa manane. Mara nyingi inatoka kwenye gego la pili au la tatu la chini, mizizi yake inashuka chini ya msuli unaoshikilia sakafu ya mdomo, kwa hiyo usaha ukitoboa mfupa unaangukia shingoni. Daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliieleza hali hii mwaka 1836, na kabla ya antibayotiki zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanakufa, wengi kwa kukosa hewa. Njia ya hewa inabanwa. Na usaha ukiendelea kushuka kufuata shingo unaingia kifuani karibu na moyo, hapo hata hospitali nzuri inahangaika. Vidonge vya kubaki havitoshi kabisa hapa, achilia mbali dozi ya mtoto. Na usilale chali, kaa wima mpaka ufike.

*

SWALI: Mama yangu mzee alipata kiharusi mwaka jana, anapaliwa sana. Sasa anakohoa makohozi yananuka mpaka chumba kizima, eksirei imeonyesha shimo lenye maji kwenye pafu la kulia. Wanasema ni jipu la pafu na wakaniuliza namsafisha vipi mdomo. Nilijisikia vibaya sana kama mtoto nisiyejali.

JIBU: Pole mwanangu. Hawakukusema vibaya, walikuwa wanatafuta chanzo. Mtu anayepaliwa anavuta mate yake mwenyewe kwenda kwenye pafu, hasa akiwa amelala, na yanaingia zaidi kulia kwa sababu bomba la hewa la kulia ni pana na limenyooka kuliko la kushoto. Mate yakiwa na bakteria wengi wa ugaga ndo wanatengeneza lile shimo, na ile harufu ni walewale wasiopenda hewa. Mzee asiye na jino hata moja akipata jipu la pafu sisi tunapata wasiwasi tofauti, tunatafuta kama kuna kitu kimeziba bomba la hewa, kwa sababu kinywa bila meno hakina bakteria wengi kiasi hicho. Wengi wanapona kwa antibayotiki za wiki kadhaa bila kupasuliwa.

Mswaki mara mbili kwa siku hata kama hali kwa mdomo (watu wanadhani asiyekula hachafuki, anachafuka zaidi, mate yanakauka). Mkalishe wima ukimsafisha na ukimlisha, na abaki wima kama nusu saa baadae. Kama hawezi kutema tumia maji kidogo sana, futa kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kama ana meno ya bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yasilale mdomoni. Utafiti mmoja wa Japan uliotoka mwaka 2015 kwa wazee wa miaka 85 kwenda juu uliona wanaolala nayo walipata nimonia takribani mara mbili zaidi ya wasiolala nayo. Na omba mtaalamu wa kumeza amwangalie.

*

SWALI: Nilienda kung'oa jino limevimba nikaambiwa nimeze dawa kwanza wiki nzima uvimbe ushuke ndo nirudi, kwamba likitolewa likiwa limevimba sumu inapanda kichwani. Uvimbe ukashuka, sikurudi. Nilikosea?

JIBU: Rudi. Leo kama unaweza. Hili la sumu kupanda kichwani nalisikia kila wiki na linaniuma, kwa sababu ndo linalowafanya watu wapoteze nafasi yao. Usaha unatakiwa utoke, na kutoa jino au kulifungua ni njia ya kuutoa. Antibayotiki inasafiri na damu, katikati ya usaha hakuna damu, kwa hiyo dawa inatuliza pembeni, uvimbe unashuka, wewe unafurahi, na chanzo kimebaki palepale kinasubiri. Ni kweli kuna wakati tunasubiri kidogo, ganzi haishiki vizuri kwenye nyama yenye usaha, au mdomo haufunguki, au mgonjwa ana hali inayotaka maandalizi hospitalini. Lakini hata hapo mara nyingi tunaweza kupasua kidogo usaha utoke siku hiyohiyo. Aliyekuambia usubiri anaweza kuwa na sababu yake, ila sababu ya sumu kichwani sikubaliani nayo.

*

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa mdogo, aliwekewa valvu (kilango cha moyo) ya bandia. Anatakiwa kung'oa jino la utoto lililooza. Nimwambie daktari wa meno au haihusiani?

JIBU: Inahusiana sana mama, mwambie kabla hata hajafungua mdomo. Bakteria wa kinywani wanapenda kujishikiza kwenye valvu za bandia, wakishajenga pale wanameguka vipande vinavyobebwa na damu na kuacha majipu kwenye ubongo, wengu, figo. Mtoto kama wako anapewa dozi moja ya antibayotiki ya kunywa dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa, inapimwa kwa uzito wake, na kama ana aleji ya penisilini sema mapema apewe nyingine. Tangu mwaka 2007 mwongozo wa chama cha moyo cha Marekani umepunguza sana orodha ya wanaohitaji hiyo dawa, si kila mwenye tatizo la moyo yumo, ila mwenye valvu ya bandia amebaki ndani. Wasiliana na daktari wake wa moyo muende na barua yake.

*

SWALI: Nina homa inakuja inaondoka wiki ya tano sasa, mgongo wa chini unauma hasa usiku, vipimo vya kawaida vyote safi. Nimeshakunywa antibayotiki aina tatu kutoka duka la dawa, kila moja inanipa nafuu siku mbili tatu inarudi. Niliwahi kuwa na jipu la jino lilipasuka lenyewe mwezi mmoja kabla. Sijawahi kumwambia daktari maana niliona hayahusiani. Nimwambie?

JIBU: Mwambie, na liwe jambo la kwanza kusema ukikaa. Usianze dawa ya nne. Kila unapoonja antibayotiki unawafanya bakteria wajifiche, na daktari akitaka kuotesha damu yako maabara hakuna kitakachoota, majibu yanakuja safi wakati wewe unaumwa. Mwambie majina ya zote tatu na tarehe ulizokunywa. Mwombe akusikilize moyo, na muulize kuhusu kuotesha damu kabla hajakupa dawa nyingine, na kuhusu emarai ya mgongo, maana usaha unaweza kukaa karibu na uti wa mgongo na dalili yake ikawa hiyohiyo uliyoandika, maumivu ya usiku na homa. Jino nalo lipigwe eksirei hata kama haliumi. Na kama kabla ya siku ya miadi miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, au mkojo ukigoma kutoka, usisubiri miadi, nenda dharura wakuone usiku huohuo.